Kabla Umwite Mtu Shifta, Soma Hii

Februari 2025 Rais alienda Wajir akatangaza kwamba ule msasa wa ziada wa kupata kitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani umefika mwisho. Yaani mtoto wa Wajir, Mandera ama Garissa akifika miaka 18, asikalishwe tena mbele ya kamati aulizwe babu yake alizikwa wapi, halafu aambiwe arudi mwezi ujao. Apewe kitambulisho kama wewe ulivyopewa.

Siku hiyo simu yangu haikupoa. Kuna walioshangilia. Lakini kuna wengine, na wengi wao ni majamaa wa hapa kwetu Kianjai, watu tunaokutana stage kila siku, wakaandika neno moja tu: shifta. Ati mashifta wamefunguliwa mlango.

Nikaweka swali moja rahisi. Shifta ni nani? Majibu yalikuja mengi. Mwizi wa ng'ombe. Gaidi. Msomali. Mtu yeyote anayeishi kule chini ukishapita Isiolo. Hakuna hata mmoja aliyenitajia mwaka. Hakuna aliyetaja vita. Tunalitumia neno tulilorithi kama koti la babu na hatujawahi kuingiza mkono mfukoni tuone kuna nini.

Mimi sikumaliza chuo na sijifanyi mwalimu wa mtu. Lakini kusoma hakuhitaji ada ya muhula, na hii stori nimeifuata kwa muda mrefu. Kaa hapo, ni ndefu. Ukimaliza, bishana na mimi, lakini ubishane ukijua.

MSTARI KWANZA, WATU BAADAYE

Simama kwenye miteremko ya Nyambene siku isiyo na ukungu, utazame kaskazini. Huku juu ni kijani, miraa na mahindi. Kule chini ardhi inabadilika rangi, inakuwa kahawia, halafu inapotelea kwa joto. Kutoka hapo hadi Moyale, hadi Mandera, maisha hayaendeshwi na shamba. Yanaendeshwa na kisima na mvua. Mvua ikinyesha upande ule, unahama na mifugo unaenda ule. Kisima kikikauka, unaenda kile kingine. Ukikaa mahali pamoja kwa sababu mtu amekuambia ukae, ng'ombe wanakufa, halafu wewe.

Sasa, mwaka 1891 Waingereza na Waitaliano waliketi Ulaya wakakubaliana kwamba Mto Juba ndio utakuwa mpaka kati ya eneo la huyu na la yule. Wakati huo Uingereza hata haikuwa imeanzisha serikali huku kwetu. Himaya ya Afrika Mashariki ilitangazwa mwaka 1895, miaka minne baadaye. Mstari ulitangulia serikali, na serikali ikatangulia mtu yeyote kuwauliza wenye ngamia wanaonaje.

Upande wa kaskazini kulikuwa na mchezaji mwingine, na huyu hakuwa Mzungu. Menelik wa Ethiopia mwaka huo huo wa 1891 aliwaandikia wafalme wa Ulaya barua akiwaambia himaya yake inafika wapi. Machi 1896 akawachapa Waitaliano kule Adwa, na baada ya hapo kila mtu alilazimika kuongea naye kwa adabu. Waingereza walifanya naye mapatano mwaka 1897, wakatuma wapimaji, na Desemba 1907 wakatia sahihi mkataba wa mpaka. Mpaka tunaouona leo kwenye ramani kati ya Kenya na Ethiopia umetokana na hapo.

Mstari huo uliwapasua Waborana katikati. Wagabra pia. Moyale ikawa miji miwili yenye jina moja.

Lakini soma hii kwa makini, kwa sababu ni jambo ambalo watu hawaambiwi. Mkataba wa 1907 wenyewe ulisema kwamba makabila ya pande zote mbili yataendelea kutumia malisho ya upande wa pili kama zamani, na visima vya karibu viwe wazi kwao. Wanadiplomasia walijua kabisa kwamba mstari wao haufanani na maisha ya pale, na waliandika hivyo kwa mikono yao. Halafu wakaja maofisa wa wilaya ambao kazi yao ilikuwa kulinda mstari, na kile kifungu cha malisho kikabaki kwenye karatasi.

Hebu fikiria watu waketi Roma wakate mstari kati ya Kianjai na Nchiru. Kaburi la nyanya yako liko upande mmoja, shamba upande mwingine, na Njuri Ncheke wakitaka kukutana waombe ruhusa kwa askari. Ungekaa kimya?

WALIPIGANIA SERENLI HALAFU WAKAITOA BURE

Wasomali wa Jubaland hawakukaa kimya. Novemba 1900, ofisa mkubwa wa Uingereza katika eneo hilo, Jenner, aliuawa na Waogaden akiwa safarini ndani ya jimbo lake. Mwaka uliofuata jeshi likatumwa kulipiza. Na kulipiza kule kulimaanisha jambo moja hasa: kuchukua mifugo. Ukitaka kumuadhibu mtu wa shamba, unachoma ghala. Ukitaka kumuadhibu mfugaji, unamnyang'anya ngamia. Hii shika, kwa sababu itarudi.

Halafu ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanajeshi wa Uingereza wengi walikuwa wamebanwa upande wa Tanganyika wakifukuzana na Wajerumani. Huku kaskazini walibaki wachache. Kwenye kituo kidogo kinachoitwa Serenli, kando ya Mto Juba ng'ambo ya Bardera, alikuwako ofisa kijana, Luteni Elliott, na askari wake. Kulikuwa na ugomvi wa mifugo kati ya Waaulihan na Wamarehan, na Elliott akaamua kuingilia. Aliwataka Waaulihan warudishe ngamia. Kiongozi wao aliitwa Abdurrahman Mursaal. Hakurudisha. Februari 1916 wapiganaji wake walivamia kituo, Elliott akauawa pamoja na askari wake wengi, na bunduki ya Maxim ikachukuliwa.

Serikali iliogopa. Ilijiondoa hata Wajir kwa muda. Hadi mwishoni mwa 1917 ndipo walipopata nguvu ya kurudi na kikosi kikubwa, wakawapiga Waaulihan, wakawatoza ngamia kwa maelfu, na Abdurrahman akatoroka.

Sasa weka hiyo kando uangalie Ulaya. Aprili 1915, karibu mwaka mzima kabla Elliott auawe, Uingereza, Ufaransa na Urusi walikuwa wametia sahihi mkataba wa siri London ili kuivuta Italia kwenye vita upande wao. Ndani yake kulikuwa na ahadi: Uingereza na Ufaransa zikiongeza makoloni Afrika kwa kuchukua yale ya Mjerumani, basi Italia nayo ifidiwe kwa kusogezewa mipaka ya makoloni yake. Vita vikaisha, Tanganyika ikaenda kwa Mwingereza, na Italia ikaja kudai deni. Mwaka 1924 wakaelewana. Mwaka 1925 Jubaland yote, pamoja na bandari ya Kismayu na hiyo Serenli iliyomwagiwa damu, ikatolewa Kenya ikakabidhiwa Italia.

Ulielewa hapo? Mwaka 1917 Waaulihan waliadhibiwa kwa sababu hawakutii serikali ya Uingereza. Miaka minane baadaye serikali hiyo hiyo ikawaambia: sasa nyinyi ni wa Italia. Hakuna aliyeulizwa. Walilipiwa deni la vita vya Wazungu kama mbuzi wa mahari. Halafu kuna mtu leo anakuambia mpaka wa Kenya na Somalia ni mtakatifu. Ule mpaka una miaka 100 tu, na ulikuwa malipo.

UARABUNI NAKO WALIFANYA VILE VILE

Usidhani hili ni letu peke yetu. Desemba 1922, kule Uqair kwenye pwani ya Ghuba, Sir Percy Cox wa Uingereza aliwakutanisha watu wa Ibn Saud wa Najd na wa Iraki na Kuwait wagawane jangwa. Walibishana siku kadhaa hawaelewani. Mwishowe Cox akashika kalamu nyekundu akachora mwenyewe. Iraki ikapata sehemu kubwa ambayo Ibn Saud alikuwa anadai, na ili kumtuliza Ibn Saud, Kuwait ikakatwa karibu theluthi mbili za eneo lake. Kuwait ilikuwa rafiki wa Uingereza. Hivyo ndivyo urafiki ulivyoilipa.

Katika mapatano yale yale walikubaliana kwamba visima vilivyo karibu na mpaka visitumiwe kijeshi wala visijengewe ngome. Mwaka 1927 upande wa Iraki ukajenga kituo cha polisi Busayya, penye maji. Wapiganaji wa kabila la Mutair, waliokuwa kwenye lile kundi la Ikhwan lililomsaidia Ibn Saud kupata ufalme, wakakivamia. Uingereza ikajibu kwa ndege za kivita. Ibn Saud akabaki amebanwa kati ya wapiganaji wake na Wazungu, akachagua Wazungu. Machi 1929 akawapiga Ikhwan kule Sabilla. Kiongozi wao, Faisal al-Dawish, alikimbilia upande wa Kuwait akajisalimisha kwa Waingereza mwanzoni mwa 1930, na Waingereza wakamkabidhi kwa Ibn Saud.

Sitaki kuwafanya Ikhwan mashujaa. Walichinja watu wengi wasio na hatia, na dini waliitumia kama panga. Lakini ona mfanano. Kisima, mstari, kituo cha polisi kwenye kisima, uasi, halafu mtawala mpya wa kienyeji anayewamaliza waasi ili mpaka uliochorwa na mgeni ubaki palepale. Kumbuka huo mfuatano. Tunarudi nyumbani.

GETI LILIKUWA ISIOLO

Baada ya Jubaland kuondoka, kilichobaki huku kiliitwa Northern Frontier District, NFD kwa kifupi: Isiolo, Marsabit, Moyale, Wajir, Mandera na Garissa. Karibu nusu ya Kenya kwa ukubwa. Tangu mwaka 1902 kulikuwa na sheria ya kufunga wilaya za pembezoni, na mwaka 1934 ikaja nyingine kali zaidi ya wilaya maalum, iliyompa ofisa nguvu ya kuamua kabila gani likae wapi, lichungie wapi, na kulishika kabila zima kama akiona ni "adui". Kumbuka hapo: si mtu aliyekosa, ni kabila. Kulikuwa na mstari hata ndani ya NFD, Wasomali upande wa mashariki, Waborana na wenzao upande wa magharibi, na kuuvuka na mifugo ilikuwa kosa.

Geti la jela hiyo lilikuwa hapa chini yetu, Isiolo. Kuingia ulihitaji kibali. Kutoka ulihitaji kibali. Shule hazikujengwa, barabara hazikujengwa, hospitali ni za kuhesabu kwa vidole. Serikali haikuwa na shida na hilo, kwa sababu kwao kaskazini ilikuwa ni ukuta wa kuzuia Waethiopia na Waitaliano, na ukuta hauhitaji shule.

Na bado Isiolo yenyewe ilikuwa mji wa mchanganyiko. Wasomali wa Isahakia waliletwa na Waingereza kama askari, wakapigana Vita vya Kwanza, wakapewa mahali pa kuishi pale baada ya vita. Wako Isiolo zaidi ya miaka 100. Kuna familia za Kimeru zilizohamia Isiolo juzi tu ukilinganisha nao, na hizo ndizo zinawaambia wengine warudi kwao.

Halafu kuna miraa. Wakoloni miaka ya 1940 walijaribu kuizuia isiingie NFD. Waliogopa askari na wafugaji watazubaa. Ilikataa kuzuilika. Miraa ya Tigania na Igembe ilivuka kila geti, kwa sababu mtu wa Kimeru na mtu wa Kisomali walikuwa na biashara kabla serikali iwe na msimamo. Mpaka leo pikapu zinazotoka huku zikikimbizana na saa zinalisha nyumba za pande zote mbili. Huwezi kumwita mtu adui halafu ada ya shule ya mtoto wako itoke mfukoni mwake. Ama unaweza, lakini ujue unafanya nini.

1963: WALIULIZWA, HALAFU JIBU LIKATUPWA

Julai 1960 Somalia ikapata uhuru. Bendera yao ina nyota ya ncha tano, na ncha moja ilikuwa ya NFD. Huku Kenya uhuru ulikuwa unakaribia, na watu wengi wa kaskazini wakaona hii ndiyo nafasi. Mwaka 1962 wajumbe wao, akiwemo Abdirashid Khalif, walienda kwenye mkutano wa katiba London wakasema wazi wanataka kujitenga kabla Kenya iwe huru. KANU na KADU, ambao hawakuwa wanaelewana kwa mengi, hapo wakaelewana: hakuna inchi itakayotoka.

Uingereza ikatuma tume ya watu wawili, mwanasheria wa Nigeria na jenerali wa Kanada. Wakazunguka NFD, wakasikiliza mabaraza. Ripoti ilitoka Desemba 1962. Ilisema kwamba Wasomali wa kule karibu wote wanataka kuungana na Somalia, na kwamba kati ya Waborana na wengine maoni yamegawanyika, dini ikichangia pakubwa.

Yaani kwa mara ya kwanza tangu 1891 mtu aliwauliza. Wakajibu. Machi 1963 waziri wa Uingereza Duncan Sandys akatangaza kwamba jibu lao halitafuatwa. Wangepata jimbo lao la saba, North Eastern, ndani ya Kenya. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza mwezi huo huo. Uchaguzi wa Mei ukasusiwa karibu jimbo zima.

Na Isiolo, Marsabit na Moyale? Hizo zikawekwa Eastern, pamoja na sisi. Makao makuu Embu. Mtu wa Moyale akitaka ofisi ya mkuu wa mkoa, avuke jangwa lote, apite Isiolo, azunguke Mlima Kenya, afike Embu. Hiyo ndiyo serikali iliyokuwa inamwambia ajione Mkenya.

Juni 28 mwaka 1963 damu ikamwagika. Daudi Dabasso Wabera, DC wa kwanza Mwafrika wa Isiolo, alikuwa safarini upande wa Modogashe pamoja na Chifu Haji Galma Dido wa Waborana, wakiwashawishi watu wabaki Kenya. Walipigwa risasi wote wawili wakafa. Ukipita Mtaa wa Wabera pale katikati ya Nairobi, ni yeye. Wengi wetu tunapatumia tu kukutania na marafiki. Wabera alikuwa mtoto wa kaskazini aliyeuawa kwa kuiamini Kenya. Kwa hivyo mtu akikuambia "watu wa kaskazini waliikataa Kenya", muulize Mtaa wa Wabera uliitwa hivyo kwa sababu gani.

GAAF DABA

Desemba 12, 1963, uhuru. Desemba 25, Krismasi ya kwanza ya Kenya huru, hali ya hatari ikatangazwa kaskazini mashariki. Wiki mbili. Bendera haikuwa imepata hata vumbi.

Wapiganaji wa kujitenga serikali iliwaita shifta, neno la Kiethiopia lenye maana ya jambazi. Chaguo la neno lilikuwa siasa. Ukimwita mtu mwasi, itabidi useme anaasi nini. Ukimwita jambazi, mjadala umekwisha. Na hapo ndipo koti la babu lilishonwa.

Sitakudanganya kwamba walikuwa malaika. Walivamia vituo, waliua raia, baadaye walitega mabomu barabarani, na Mogadishu iliwapa silaha kwa faida yake. Wazee wa upande wetu wa mpaka wana kumbukumbu za hofu ambazo ni za kweli. Siwaondolei.

Lakini serikali ilichagua kujibu vipi? Ilifungua droo ya mkoloni. Sheria za 1902 na 1934 zilikuwa zimeacha mfano, zikavishwa nguo mpya. Kufikia 1966 watu walianza kukusanywa kwa nguvu kwenye vijiji vya kuzungushiwa ua, wakiviita manyatta. Ni mbinu ile ile ambayo Mwingereza aliwatumia Wakikuyu, Waembu na Wameru wakati wa Mau Mau. Fikiria hilo vizuri. Watu waliofungiwa vijijini miaka ya 1950, serikali yao ilipopata madaraka, iliwafungia wengine miaka ya 1960.

Kule Garba Tulla na Merti, Waborana wa Waso waliwekwa kambini, wengi wao wakiwa hawakushika bunduki, na wengine walikuwa upande wa Kenya kabisa. Mifugo ikiwa imefungiwa sehemu moja haina malisho. Ikafa. Iliyoonekana nje ya eneo lililoruhusiwa ilipigwa risasi ama ikachukuliwa. Nilikuambia ukumbuke ile adhabu ya mfugaji ya mwaka 1901. Ndiyo hii. Watu waliokuwa matajiri wa ngamia walitoka kambini wakiwa maskini wa kusubiri mahindi ya msaada. Waborana wa Isiolo wanauita wakati huo Gaaf Daba, wakati kila kitu kilisimama. Kuna familia hazijawahi kurudi pale zilipokuwa. Yule kijana wa Isiolo unayemwona ameketi bila kazi, usiseme ni mvivu. Uliza ngamia wa babu yake walienda wapi.

Oktoba 1967, Kenneth Kaunda wa Zambia akawapatanisha Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Egal, kule Arusha. Wakatia sahihi, vita vikaisha rasmi. Tena ni diplomasia ya wakubwa. Watu waliokuwa kwenye manyatta hawakuwa na kiti mezani.

VITA VIMEISHA, SHERIA IMEBAKI

Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa yale waliyofanya North Eastern, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, kuanzia Desemba 25, 1963 hadi Desemba 1, 1967. Soma tena hizo tarehe. Sheria ikitaja siku ya kuanza na siku ya kumaliza, ujue anayeiandika anajua kilichotokea katikati.

Hali ya hatari yenyewe kaskazini mashariki haikuondolewa hadi 1991. Miaka 28 ya uhuru. Ndani ya giza hilo ndipo Garissa ilichomwa Novemba 1980. Ndani yake ndipo Februari 1984 wanaume wa Wadegodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, wengi wakauawa. Idadi ya serikali kwa muda mrefu ilikuwa watu 57. Manusura wanataja mamia kwa mamia, na wengine wanasema ni zaidi ya elfu. Mwaka 1989 ukaja msasa wa Wasomali wote nchini, na kadi maalum ya kuonyesha umepita. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoka 2013, na mwaka 2015 Rais akaomba msamaha Bungeni kwa niaba ya serikali.

Msamaha ulichukua dakika chache. Msasa wa kitambulisho uliendelea miaka kumi zaidi.

SASA MIMI NASEMA HIVI

Kuna swali mtaniuliza na ni la haki: kwa hivyo Kenya ingewaachilia waende? Kila mtu akidai mstari wake uchorwe upya, Afrika ingebaki na nini? Hata OAU mwaka 1964 kule Cairo iliamua mipaka ya wakati wa uhuru iheshimiwe, na sababu zao nazielewa. Mpaka mbaya unaweza kuwa bora kuliko vita hamsini vya kuurekebisha. Hapo sibishani.

Ninachobishania ni hiki. Ukishinda mpaka, umeshinda na watu walio ndani yake. Huwezi kusema ardhi ni ya Kenya halafu mwenye ardhi si Mkenya mpaka athibitishe. Kuanzia 1963 serikali ilipigania mchanga wa kaskazini kwa nguvu zote, halafu ikawachukulia wenyeji kama wageni walioukalia. Mkoloni alitaka ukuta. Sisi tulitaka nini?

Na hii inatuhusu hapa kwetu. Mstari kati ya Meru na Isiolo bado unabishaniwa, na kila uchaguzi ukikaribia kuna mwanasiasa anayeshuka na gari kubwa kuwaambia vijana kwamba wale wa chini wanakuja kuchukua ardhi. Kule chini kuna mwingine anawaambia wao kwamba Wameru wanapanda mashamba kwenye malisho. Wote wawili wanacheza na ramani ambayo hawakuichora, kama Cox na kalamu yake, na wakishamaliza wanarudi Nairobi, ambako nimeambiwa wanakula mezani pamoja. Anayebaki na panga ni wewe. Anayechomewa kibanda ni yule mama wa Kina anayeuza nyanya kwa Waborana, ama yule Msomali aliyewakopesha nusu ya soko.

Kabila zima likiitwa kwa jina la kosa, hapo ndipo 1934 inarudi. Ng'ombe akiibwa Tigania, mwizi ana jina, ana nyayo, ana mnunuzi. Mtafute huyo. Ukisema "ni mashifta" umemsaidia mwizi kujificha nyuma ya watu milioni ambao hawajui hata ng'ombe wako ana rangi gani.

Naomba kitu kidogo tu. Kama una mzee aliyeishi Isiolo, Garba Tulla, Moyale ama hata huku kwetu miaka ile ya sitini, mwulize aliona nini. Mrekodi kwa simu. Usimkatize, usimpigie kelele za siasa. Hao wazee wanaenda, na wakienda tutabaki na toleo la serikali na toleo la matusi. Ukipata, nitumie. Za Wameru, za Waborana, za Wasomali, zote nazitaka, hata zile zitakazopinga nilichoandika hapa.